Sufuria Tuliyoichagua na Mama Mkwe

Njombe, Jumapili alasiri, katikati ya Julai

Ukungu haujaondoka leo. Tumekwenda kanisani ndani yake na tumerudi ndani yake, na saa hizi, ambapo siku nyingine jua huwa limekwisha kupasha bati la paa, bado siioni miti ya miwati iliyo ng'ambo ya njia. Vidole vimekufa ganzi. Mwandiko wangu umekuwa wa kuparura kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini moyo ni mwepesi. Naandika hivyo bila kuogopa.

Majuma mengi yamepita sijaandika humu. Nilishika kalamu mara kadhaa nikaiweka chini, maana kila sentensi iliyonijia ilianza na "kwa nini", na sikuwa na wa kunijibu. Leo jibu ninalo. Nataka nilieleze lote tangu mwanzo, ili siku nyingine nikijitilia shaka nije nisome hapa.

Mambo yalianza na zawadi.

Mume wangu, Yosia, ni kibarua katika mashamba ya miwati. Hulala kambini juma zima na kurudi nyumbani Jumamosi. Baada ya Pasaka, mzungu mmoja mwenye shamba la pareto alikuwa anahama kurudi kwao, akaviuza vitu vyake vya nyumbani kwa mnada: viti, vitanda, mapazia, hata vijiko. Yosia akaja kutoka huko amebeba sufuria kubwa ya shaba begani, anatweta na kucheka kwa pamoja. Chungu changu kilikuwa kimepasuka motoni siku chache kabla, na nilikuwa nimekililia.

"Mama Esta," alisema, "hii hata uidondoshe mlimani haitakuachia vigae."

Niliipenda sufuria ile kuliko nilivyopaswa kupenda kitu cha jikoni. Niliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikawa nyekundu kama machweo ya kiangazi. Nilipoianika niliigeuzia upande wa njia, ili wanaokwenda sokoni waione. Wanawake walisimama kuisifia, nami nikajifanya nachambua mboga, kumbe nasikiliza kila neno. Ndiyo, nilijivuna. Sijivuni kwa mengi, lakini kwa ile sufuria nilijivuna.

Ndani ilikuwa na ngozi nyeupe, kama imepakwa bati. Chini kabisa ngozi hiyo ilikuwa imekwisha, na wekundu wa shaba ulikuwa unachungulia. Niliuona. Sikujua kama ni jambo la kuliangalia mara mbili.

Mama mkwe wangu anaishi Kichiwa, jirani na binti yake, Damari, ambaye ndiye wifi yangu. Alikuja kututembelea, nami nikampikia togwa, kwa kuwa hakuna kitu anachokipenda zaidi. Nilipika uji wa mahindi, ukapoa, nikatia kimea cha ulezi. Zamani ningeuacha uchachuke ndani ya chungu. Safari hii niliuacha ndani ya sufuria ya shaba, nikaufunika vizuri. Asubuhi nikaenda kutafuta kuni, nikiwa nimewaambia yeye na Esta wanywe wasinisubiri.

Niliporudi niliwakuta wote wawili mkekani wanatapika. Esta, mwanangu wa pekee, hajaota hata meno ya pili, alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili na hana tena machozi. Tuliwapeleka zahanati. Wakapewa dawa ya kunywa, tukaambiwa chakula kimewakataa. Jioni walikuwa wamekaa, wanaomba chai.

Nikashukuru Mungu, nikaosha sufuria, nikaendelea.

Mwezi uliofuata Mama mkwe alikuja tena, na nikapika togwa tena, vilevile. Siku hiyo nilimtilia mgeni kwanza, kisha mtoto, kisha majirani wawili wakapita wakanywa, mimi sikubakiza hata ya kulamba. Kabla sijamaliza kuosha vikombe walikuwa wameanza. Mama, Esta, na mmoja wa wale majirani. Damari aliingia mchana huo kutoka Kichiwa, mtoto mchanga mgongoni, akaja kumchukua mama yake. Akawakuta wamelala chini, na mimi nimesimama katikati yao na ndoo mkononi, mzima.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mara mbili," alisema. "Na mara zote mbili mpishi hana hata kichefuchefu."

Alimfunga Esta nguo ya kumbebea, akampa msichana wa jirani ambebe, wakaondoka naye pamoja na Mama. Nilikimbia nyuma yao mpaka njia kuu. Mama mkwe hakuniangalia. Alikuwa anatembea kwa shida, amejishika kiuno, na nilitaka nimpe mkono ajiegemeze, lakini nilijua hataupokea.

Walimchukua mtoto wangu ili nisimuue. Sijui niliandike kwa namna gani nyingine.

Yosia aliporudi Jumamosi nilimweleza yote. Alichokoa moto kwa kijiti. Kisha akasema mtoto akae huko kwanza, mpaka mambo yatulie.

"Na wewe unaniogopa?" nilimuuliza.

"Nikuogope nini?" alisema, na akala ugali wote niliomwekea, tena akaomba mchuzi uliobaki.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja akiwa amekwisha kula kambini. Na ile iliyofuata. Alisema wapishi wa kambi siku hizi wanapika mapema. Niliitikia. Nilikiweka chakula chake juu ya meza, nikakifunika, na asubuhi nikawapa kuku.

Kanisani hawakuniambia neno. Kinamama tunapokutana kufagia kanisa na kupanga maua, kila mmoja huleta kitu cha kunywa au kutafuna. Nilipeleka viazi vya kuchemsha. Kikapu changu kilizunguka kutoka mkono hadi mkono kwa adabu kabisa, kila mtu akishukuru, na kikanirudia kimejaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nainusa. Niliiosha kwa sabuni ya kufulia mpaka ikapasuka. Nilijiuliza kama mtu anaweza kuwa na kitu kibaya ndani yake bila kukijua, kikawa kinatokea vidoleni anapokanda unga. Nilikuwa naomba: Bwana, kama kimo, nionyeshe. Kama hakimo, waonyeshe wao.

Nilionyeshwa nikiwa sikutegemea.

Nilipika togwa kidogo ya kwangu mwenyewe, kwa upweke tu, nikaiacha ndani ya sufuria kama kawaida. Asubuhi mtu alinigongea mlango kunieleza habari za msiba, nikatoka, sikuinywa. Niliporudi siku ya pili na kufunua kifuniko, niliona mstari. Pale togwa ilipokuwa imefika ukingoni palikuwa na mstari wa kijani kibichi, kama ukungu unaoota kwenye jiwe lenye maji. Niliupitisha kidole. Nikaweka kidole ulimini. Ladha ilikuwa kama ya kulamba senti.

Nilikaa chini pale pale jikoni.

Sikukimbia kumwambia mtu. Nani angeniamini kwa kidole? Nilimwomba jirani chungu chake. Nikapika togwa moja, kwa unga mmoja, kimea kimoja, mwiko mmoja. Nusu nikaiacha chunguni, nusu nikaiacha ndani ya shaba. Asubuhi nikazitia katika vibuyu viwili, kile cha shaba nikakifunga uzi mweusi shingoni ili nisikosee, nikaomba lifti kwenye lori la mbao. Dereva aliniteremsha njia panda, nikatembea mpaka Kichiwa.

"Kamwene," nilisalimia mlangoni kwa Kibena.

"Kamwene," Mama alijibu, kwa sauti ya mtu anayejibu asiyemjua. Damari alikuwa naye, anachambua maharage. Esta alikuwa amekwenda kuchunga mbuzi na watoto wenzake, na ilikuwa heri, sikutaka aone.

Nikawaambia nilichokuja kufanya. Nikamimina kibuyu cha chungu, nikanywa kikombe kizima mbele yao, nikakaa. Mama aliendelea kusuka mkeka wake. Damari aliendelea na maharage. Kuku waliingia na kutoka. Maharage yalipokwisha kuchambuliwa na kutelekwa, nikasema, "Mnaniona nilivyo." Nikamimina kibuyu chenye uzi, nikanywa na hicho.

Sina haja ya kueleza kilichonipata. Kilikuja upesi. Nilijikuta nimepiga magoti nyuma ya nyumba, tumbo linapanda mpaka kooni, macho yamejaa maji, na katika taabu hiyo yote nilikuwa nafurahi. Nilikuwa natapika na kufurahi. Kisha nikahisi mkono unanishika paji la uso, mkono mkavu wenye vidole vigumu vya kusukia mikeka.

"Basi, mwanangu," Mama alisema. "Basi. Tumeona."

Alinilaza kitandani kwake. Alinipikia uji mwembamba, akaninywesha kijiko kwa kijiko, huku anazungumza peke yake kwa Kibena, anajilaumu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana ni yake. Damari alichukua kile kibuyu chenye uzi, akamwaga togwa yake mbali shambani, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Nilidhani Mama angenirudishia mtoto siku ile ile. Hakufanya hivyo, na kwa sababu niliyoielewa.

"Esta atarudi kwenye jiko lililo safi," alisema. "Kwanza tutafute chombo. Mimi na wewe. Na safari hii wanaume wasituchagulie."

Nilikuwa nimeyapitia maduka yote ya hapa Njombe. Kulikuwa na sufuria nyeupe nyepesi na za enameli, basi. Yule dereva wa lori ndiye aliyenieleza kwamba Makambako, pale njia zinapokutana, kuna duka la Mhindi linaloletewa sufuria za stili, chuma cheupe kisichoshika kutu, kwa sababu magari yote ya kwenda Mbeya na Iringa yanapita hapo. Basi jana, Jumamosi, mimi nilipanda basi Njombe, Mama akapandia njia panda ya kwao. Alivaa koti la marehemu baba mkwe na alikuwa amebeba kibuyu. Nilimuuliza kina nini. Akasema, "Utaona."

Duka lenyewe ni refu na la giza, fundi cherehani kwenye baraza, harufu ya mafuta ya taa na bizari. Aliyetuhudumia ni mke wa mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, Bi Zarina. Alikuwa na Kiswahili kizuri na haraka nyingi. Haraka yake ilikwisha mapema, maana mama mkwe wangu hanunui kitu kwa kukiangalia.

Alianza na enameli, zile nzuri zenye maua. Akazigonga kwa kucha. "Hii ikianguka inabanduka," alisema, "na pale ilipobanduka kutaota kutu, na kutu tutakula." Akaiweka kando. Sufuria nyeupe nyepesi akaibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea. Bi Zarina akapiga kelele kidogo. Mama akamwambia, "Kama dole la mwanamke mzee linaibonyeza, ugali wangu utaifanya nini?"

Kisha tukaletewa za stili. Tatu.

Ya kwanza ilikuwa inang'aa mpaka nilijiona uso, na nikaitaka pale pale. Naungama, nilinyoosha mikono kama mtoto. Mama akaichukua, akaiweka sakafuni, akachuchumaa, akaibana kwa nyayo zake, akaomba mwiko. Bi Zarina akamtolea mwiko kutoka kwenye bidhaa. Na Mama, katikati ya duka, mbele ya wateja na fundi cherehani aliyeacha kushona ili atazame, akaanza kusonga ugali usiokuwapo. Alisonga kwa nguvu zake zote. Sufuria ile ikacheza, ikazunguka, ikamponyoka.

"Nyembamba," alisema. "Itaunguza chini, juu kuwe kubichi."

"Ni kweli," alisema Bi Zarina, na nadhani hapo ndipo alipoacha kuwa muuzaji. Alivua miwani, akaketi juu ya gunia la chumvi. "Stili haisambazi moto kama shaba, mama. Nyembamba inaunguza palipo na moto tu. Lazima iwe na kitako kizito. Mimi yangu iliniunguzia dengu mwaka mzima ndipo nikajua."

Ya pili ilikuwa nene, lakini vishikio vyake vilikuwa vimegandishwa tu kwa nje. Nililiona mimi hilo, na nafurahi kwamba nililiona mimi. Tuliijaza maji, nikaishika kwa vishikio na kuinyanyua, na kimoja kikatoa sauti ndogo, kama mfupa. Nikaishusha upesi. Nilifikiria uji wa moto na Esta akiwa anapita chini yake.

Ya tatu haikuwa nzuri. Niseme ukweli. Ilikuwa ya rangi ya kijivu iliyofifia, nzito, imekaa kama mtu aliyenuna. Lakini vishikio vyake vilikuwa vimepigiliwa kwa ribiti, pini nene za chuma zilizopenya mpaka ndani, na nilipozipapasa kwa ndani hazikuwa na ncha wala mwanya wa kuficha uchafu. Tuliijaza maji, nikainyanyua, nikaitikisa. Kimya. Kifuniko kilikaa bila kucheza. Hakuna mahali palipopakwa kitu kingine juu yake. Bi Zarina alitwambia ni chuma kimoja ndani na nje, kwa hiyo hakuna ngozi ya kubanduka.

"Hii ukitia ukwaju, ukitia ndimu, ukitia maziwa mgando yakalala humo," alisema, "haisemi kitu."

Mama akasonga ugali wake wa hewa tena. Sufuria haikusogea. Akasonga kwa hasira kabisa. Haikusogea. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nikaona jino lake la dhahabu.

"Chombo cha namna hii," alisema, "hatukizoei halafu tukakizika. Hiki ndicho kitakachotuzika sisi."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimekwisha kutoa fedha tulizochanga, nazihesabu. Ndipo akafungua kile kibuyu, akamimina togwa kali, iliyolala siku mbili ndani ya chungu chake, yote, ndani ya ile sufuria mpya ya watu ambayo hatujailipia. Akaifunika. Akaketi kwenye benchi.

"Sasa tusubiri," alisema.

Bi Zarina alitutazama. Nikamweleza, kwa kifupi, kilichotupata na shaba. Hakucheka. Alisema kwao shaba hupelekwa kwa fundi ikatiwa bati upya kila inapochakaa, maana kitu kichachu kikilala kwenye shaba tupu hugeuka sumu, na nyumba isiyojua hilo huumwa. Akaenda nyuma akatuletea chai.

Tulisubiri mpaka fundi cherehani akamaliza suruali moja na kuanza nyingine. Basi la kurudi lilipiga honi nje, likapiga tena, likaondoka. Mama hakugeuka hata shingo.

Mwishowe alifunua kifuniko. Tuliinama wote watatu. Hakukuwa na mstari. Alipitisha kidole ukingoni, akakilamba, akafikiri. Nikachukua kikombe ili nichote. Nilikuwa nimejiandaa, nilijua ni zamu yangu.

Mama alinishika mkono.

"Wewe ulikwisha kunywa kwa ajili ya watu wote," alisema. "Leo naanza mimi."

Akanywa. Kikombe chote, bila kupumua, kama anavyoipenda. Akajipangusa mdomo kwa mkono wa koti, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Nilikuwa sijapata kuogopa hivyo. Siku ile ya Kichiwa nilikuwa nahatarisha tumbo langu mwenyewe. Hapa nilimtazama yeye, uso wake umetulia mno, na nikaanza kusema moyoni, akiugua huyu sasa, mbele ya watu hawa, nimekwisha. Hata stili haitaniokoa. Nilimwona ameinamisha kichwa upande. Nikamwita. Hakuitika. Nikasimama, nikamwinamia, nikaita tena kwa nguvu.

Mama alikuwa anakoroma.

Bi Zarina ndiye aliyeanza kucheka, kisha fundi, kisha mimi, na nilicheka mpaka nikalia, na nililia mpaka Bi Zarina akanishika mabega. Mama akazinduka, akauliza basi liko wapi.

Tulilipa, tukarudi kwa lori la mbao, tumebanana mbele na dereva. Mama hakukubali sufuria iwekwe nyuma. Aliipakata njia nzima kama mjukuu. Hakuteremka njia panda ya kwao. Alikuja moja kwa moja mpaka hapa Njombe, na akamtuma mtu aliyekuwa anakwenda Kichiwa amwambie Damari amlete Esta leo.

Yosia alikuwa nyumbani. Alikuwa amekwisha kusikia yaliyotokea Kichiwa. Alikuwa amekaa uani na ile sufuria ya shaba mbele yake, na nyundo, na msumari mkubwa. Alisema alifikiri kuiuza, lakini mtu mwingine angepikia. Kwa hiyo aliitoboa chini, tundu baada ya tundu, mpaka isingeweza kushika hata maji. Sikumzuia. Ilikuwa zawadi yake, na niliona ilivyomuuma. Alipomaliza alisema bila kuniangalia, "Nina njaa, Mama Esta." Nikampikia. Alikula akiwa ameinamia sahani, na nikaona anapangusa uso kwa kiganja, nikaenda kuangalia kuni ili nimwache.

Na leo.

Leo baada ya ibada walikuja, Damari na Esta, wametoka kwenye ukungu kama watu wanaotoka kwenye maji. Mwanangu amerefuka. Alinikimbilia, na sitaandika zaidi kuhusu hilo, kwa sababu karatasi italowa.

Nilikuwa nimesonga ugali kwenye sufuria mpya. Sehemu moja chini imeungua kidogo, nilitia moto mwingi kuliko alivyoagiza Bi Zarina. Nitajifunza. Tulikaa wote. Esta alikata tonge, akalichovya kwenye maharage, na kabla ya kulitia mdomoni akainua macho, akamtazama bibi yake. Akasubiri.

Yule mtoto alikuwa amefundishwa. Majuma yote yale alikuwa amefundishwa.

Hakuna aliyepumua. Mama mkwe alinyoosha mkono kwenye sahani yangu mimi, akakata tonge, akala. Esta akala. Kisha akala tena, na tena.

Damari alibaki nami jikoni kuosha vyombo. Aliisugua ile sufuria kwa muda mrefu, pale palipoungua. Akasema mwanawe atabatizwa mwezi ujao, na watu watakuwa wengi, na togwa ya wageni anataka niipike mimi. Alilisema lote akiwa amenipa mgongo. Naelewa kwamba kwake hiyo ndiyo samahani, na ni kubwa, maana ataniweka mbele ya watu wale wale walionisema.

Niseme ukweli wangu: nilitaka kumwambia hapana. Neno lilikuwa tayari. Mahali pengine ndani yangu bado namwona akiondoka na mtoto wangu mgongoni mwa mtu.

"Nitapika," nilimwambia. "Lakini utakaa nami jikoni, kuanzia kimea mpaka kikombe cha mwisho."

"Nitakaa," alisema.

Kwa leo hiyo inanitosha. Lililobaki tutalisonga polepole, mimi na yeye, siku hiyo ya ubatizo.

Wameondoka sasa, Damari na mwanawe. Yosia anapasua kuni. Mama amelala chumbani, na kwa mkoromo wake sina wasiwasi naye. Nilitaka niandike pia jinsi ya kutumia moto mdogo, nisije nikasahau, lakini nasikia nyayo ndogo zinatoka chumbani, zinapita kando ya kitanda cha bibi bila kusimama, zinakuja huku.

"Mama, nina njaa tena."

Naweka kalamu.